Kodiani Haitoki

Waya alipewa jina hilo na shangazi yake, kwa sababu tangu utotoni hakuna redio iliyopita mikononi mwake ikabaki na mfuniko. Alipokua alijitengenezea studio katika chumba chake cha kulala: kompyuta juu ya meza ya kupigia pasi, spika mbili, maiki moja, na godoro la akiba limesimamishwa ukutani kuzuia mwangwi. Humo ndimo baba yake, ambaye wapenzi wa muziki walimwita Radi, alimorekodi wimbo baada ya miaka mingi ya ukimya. Radi aliimba; shangazi, ambaye ni dada yake Radi mkubwa, akapiga kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kukunja; jirani akapiga gita. Wimbo wenyewe, maneno na muziki, ulitungwa na shangazi.

Kila mmoja akisikilizwa peke yake alikuwa mtamu. Wakiwekwa pamoja, ni vurugu tupu. Wote watatu waling'ang'ania masafa ya kati ya sauti, palepale sikio linapokamatia maneno. Kodiani ikivuta pumzi, sauti ya Radi inazama; Radi akipaza, gita linageuka masufuria. Walikuwa kama watu watatu wanaolazimisha kupita mlango mmoja kwa mpigo, kila mtu na mzigo wake kichwani.

"Dawa yake ndogo," Baba alisema siku ya kusikiliza, amesimama mlangoni mikono kiunoni. "Toa kodiani."

Shangazi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kodiani magotini, mikanda bado mabegani.

"Haitoki," Waya akasema.

"Unasemaje?"

"Haitoki, Baba. Wimbo ni wa shangazi."

"Na sauti ni yangu! Mafahali wawili hawakai zizi moja, mwanangu. Hata wale wa studio kubwa walituambia hivyo zamani, tukamtoa shangazi yako, na wimbo ukapendwa. Au nasema uongo, dada?"

"Ulipendwa," shangazi alijibu. "Nilikuwa nausikia redioni huku nafua. Nikawa najitafuta humo ndani, sijioni."

Baba alikohoa, akatazama pembeni. Kisha hasira ikamrudia. "Nyumba hii ina mwenyewe. Hakuna wimbo utakaotoka humu ukiwa umenifunika mdomo." Akainama, akachomoa waya wa umeme wa kompyuta, akauzungushia kiganjani na kuondoka nao.

Shangazi alimtazama mpaka akapotea koridoni. "Amechukua waya," alisema, "amemwacha Waya." Wakacheka mpaka kodiani ikatoa mlio yenyewe.

Mchana huohuo wakabeba kompyuta na spika mpaka kwa shangazi, mtaa wa pili. Waya wa sufuria yake ya umeme uliingia kwenye kompyuta bila taabu. "Leo tutakula mkate," shangazi akasema, akafuta meza.

Waya alianza na yaliyo rahisi. Kodiani akaisogeza kushoto, gita kulia, sauti ya Baba ikabaki katikati. Wimbo ukapata hewa, lakini maneno bado yalifunikwa. Akarudi kwenye kodiani, akapunguza kipande chembamba cha masafa, kile tu kilichogongana na maneno.

Shangazi alikunja uso. "Mbona nimekonda?"

"Umekonda ukiwa peke yako. Haya, jisikie sasa ukiwa na wenzako."

Shangazi akasikiliza, kichwa upande. "Ahaa. Nipo."

Gita nalo likapunguziwa uzito wa chini. Hatimaye mkono wa Waya ukasimama juu ya sauti ya Baba. Ilikuwa na kifua kikubwa, ngurumo iliyompa jina, na ngurumo hiyo ilikalia noti nzito za kodiani.

"Hapo unakanyaga mkia wa nyoka," shangazi alionya.

"Kila mtu amesogea. Na yeye asogee." Akapunguza, si sana, kiasi cha kodiani kuchungulia kati ya neno na neno.

Kesho yake Baba alikuja mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha kidole. "Niwekee sauti yangu peke yake."

Waya alijua atakachosikia. Akamwekea.

"Umenipunguza!" Baba alifoka. "Huyu si Radi, huyu ni karani anasoma matangazo! Rudisha."

"Sirudishi." Macho hakuyashusha. "Hakuna atakayekusikia peke yako, Baba, kwa sababu hukuimba peke yako. Ukitaka wimbo usio na kodiani, tunga wako."

"Unanijibu mimi hivyo?"

Hapo shangazi akasimama. "Mdogo wangu, keti. Safari ile mlinitoa nikanyamaza. Leo nikitoka, natoka na wimbo wangu."

Baba aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyeingia nyumba siyo. Akavuta kiti.

"Weka tena," alisema. "Wote."

Wimbo ukapigwa tena. Baada ya ubeti wa pili, pale kodiani inapomjibu mwimbaji, kidole chake kilianza kugonga meza. Alipokigundua alikificha chini.

"Bado iko juu," alinung'unika.

"Iko mahali pake," Waya akasema, akauhifadhi wimbo mbele ya macho ya Baba.

Baba aliinuka. Alipofika mlangoni aligeuka. "Jina la nani linatangulia?"

"La mtunzi," shangazi akamjibu.

Aliondoka bila kuaga. Wimbo ulitoka hivyohivyo, kodiani na yote, jina la shangazi mbele. Baba hakuusifu, wala hakuupinga tena. Watu walipompongeza mtaani aliitikia kwa kichwa na kuongeza mwendo.

Miezi ikapita. Siku moja akaja kwa shangazi na wimbo alioutunga mwenyewe. Alizungumzia jua, akazungumzia bei ya sabuni, kisha akauliza, huku akitazama dirishani, kama dada yake ana nafasi ya kumpigia kodiani.

"Nitafikiria," shangazi akasema.

Na kweli akafikiria, tena kwa muda mrefu.