Mzinga wa Mafanikio

Dionis hakuwa mtu wa kunong'ona. Kila alfajiri, pale nyumbani kwao Ipuli, alimsikia dada yake Levina akikiambia kioo kwamba yeye ni simba, yeye ni mshindi. Ni tangu mchumba alipomkimbia ndipo alipoanza kufukuzia semina za mafanikio. Dionis alipochoka hakubishana naye, alitengeneza sanaa.

Alichukua mzinga wa gome walioachiwa na marehemu baba yao, mrina asali wa Usinge. Akaubandika kurasa za vitabu vya Levina, vitambulisho vya semina na vipande vya kioo. Gundi yake ilikuwa nta ya nyuki, ili maandishi yang'ae. Ubavuni akachonga alama yake, kama warina wanavyofanya. Mbele kabisa, juu ya tundu, akaweka karatasi aliyoichomoa katika daftari la dada yake bila kumwambia: "Mwaka huu nataka niamke siku moja nisijichukie."

Jumamosi asubuhi akautundika barazani kwa Zahir, mwenye duka la vitambaa Mtendeni. Watu wakajaa, wakasoma kwa sauti, wakacheka. Dionis akavimba kifua. Kisha akamwona Levina, kikapu mkononi, macho yake juu ya mwandiko wake mwenyewe.

Hakulia. Aliuliza tu ni lini yeye mwenyewe atahama nyumbani, aende kuishi na watu wasiomwanika kama nguo. Dionis alitaka kueleza kwamba aliowashambulia ni wahamasishaji wa semina, si dada yake.

Hapo ndipo mvumo uliposikika. Aliyepaka nta mzinga mtupu msimu wa maua ya miombo amewaandikia nyuki barua ya mwaliko, na kundi zima lilikuwa limekuja kuitikia. Wasomaji wakatawanyika. Dionis akajitupa nyuma ya majora ya kitenge.

"Umeniletea wateja elfu kumi," Zahir akamwambia wakiwa wamejibanza huko, "na hakuna hata mmoja anayepima kitambaa."

Levina peke yake hakukimbia. Alizuia baiskeli zisipite, akakataza watu kupunga mikono, akaagiza magunia makuukuu na moto kidogo, akasimama akiwatazama nyuki wakiingia kama askari wanaorudi kambini. Sauti yake haikuwa ile ya kwenye kioo. Ilikuwa tulivu, ya mtu anayejua kazi. Dionis aliitambua: hivyo ndivyo dada yake alivyokuwa akizungumza zamani, porini na baba.

Jioni nyuki walipotulia, Dionis alimfuata.

"Dada, nisamehe. Niitoe ile karatasi?"

"Iache. Wameshahamia." Akamtazama. "Lakini kwetu mzinga una alama ya mwenyewe, na cha mwenzio hukigusi bila kumuuliza. Umevuna kwangu, Dionis, ukaweka alama yako tu."

Akampa kisu. Alama ya Levina, aliyopewa na baba yao, ilikuwa mikato mitatu na duara.

"Wakiwa humo ndani?"

"Wakiwa humo humo. Mimi nitafukiza."

Dionis akakata taratibu, kando ya alama yake, huku moshi ukimtoa machozi. Nyuki wa kwanza alimdunga sikioni, wa pili kwenye kope. Hakuacha. Alipofika kwenye duara jicho lilikuwa limevimba, na duara likatoka limepinda kama kiazi.

Levina akacheka, kicheko ambacho nyumba yao haikukisikia mwaka mzima.

"Rudia," alisema. "Kuhama kwangu kunaweza kungoja."