Nyasi za Pwani Katika Korongo la Shule

Waliokuwepo: Mwalimu Mkuu Augustino; Mwalimu Germana wa Sayansi; Mwalimu Thobias, aliyekuwa mwalimu wa zamu; Bi Stumai, mpishi wa shule; nami, mwandishi wa kumbukumbu. Kikao kilifanyika ukingoni mwa korongo, hatua tisa kutoka darasa la kwanza. Mwaka jana zilikuwa ishirini. Korongo lingesogea tena, darasa lingefungwa.

Germana ni mwenyeji wa Pangani. Likizo ya Desemba alirudi hapa shuleni Ihumwa na kiroba cha nyasi za ufukweni. Si nyasi za asili ya nchi yetu. Zililetwa zamani kutoka ng'ambo, zikajiotea zenyewe mchangani, nazo hunywa maji ya chumvi bila manung'uniko. Kwa kuwa kisima chetu kina chumvi, aliziotesha nyuma ya jiko ili ziongezeke, kisha azipande korongoni.

Februari akaenda semina Mvumi. Wiki hiyohiyo tulitarajia wakaguzi, na kwetu uwanja safi ni uwanja mweupe, usio na jani, wenye mistari ya ufagio. Thobias akawapanga wanafunzi. Wakang'oa kila unyasi, wakautupa korongoni.

Germana aliporudi, hakumsemesha Thobias siku mbili. Kisha mvua zikanyesha, wiki tatu mfululizo.

"Sogea uone, Mwalimu," Bi Stumai alimwambia Thobias asubuhi ya kikao. "Takataka zako zimegoma kuoza."

Tukachungulia. Kila kipande kilikuwa kimetoa mizizi kwenye vifundo vyake na kuung'ang'ania udongo. Kijani kilitambaa hadi chini. Ukingo haukuwa umemeguka hata kiganja.

Germana aliteremka na viatu vyake vizuri, akavuta unyasi mmoja. Haukutoka. Akacheka mpaka akakaa matopeni.

"Thobias! Mimi ningepanda mia. Wewe umepanda maelfu!"

"Basi niandikieni barua ya pongezi."

"Tutaanza na ya onyo," alisema Mwalimu Mkuu, akimpa Germana mkono apande juu.

Kengele ikapigwa, wanafunzi wakajipanga mstarini. Mwalimu Mkuu akatangaza:

"Kuanzia leo, ufagio hauvuki jiko kuelekea korongoni. Anayetaka kung'oa chochote upande ule ataomba ruhusa kwa Mwalimu Germana. Walimu wa zamu nao wamo."