Aliyemvika Lucky Sweta

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo tunavyosema, na mimi nasema pia, maana nimelelewa. Lakini Julai hii, vijana wa kujitolea walipotujia kutoka ng'ambo na kanisa lao, huku kwetu Olmotonyi mwenyeji nusura apate kichomi.

Mimi ni Aikande, mama yake Lucky. Kazi yangu ni kufuma masweta kwa mashine, na masweta yote ya kijani ya shule ya mwanangu nimeyafuma mimi, sebuleni kwangu. Huku mlimani Julai haina mzaha. Ukungu wa Meru unashuka asubuhi na kukaa mpaka mchana, na Lucky, wa darasa la kwanza, ana pumu. Baridi ikimwingia kifuani anavuta pumzi kama mtu anayenyonya mrija ulioziba. Kwa hiyo nyumbani kwangu kuna sheria moja tu: sweta halivuliwi.

Siku hiyo nilikuwa kati ya akina mama tulioitwa kuwapikia wageni. Nikapita uwanjani na ndoo ya viazi, nikawakuta watoto wamepangwa mistari, mashati matupu, mikono wameificha makwapani. Wengine walikuwa pekupeku, na watoto hao nawajua, viatu wanavyo. Lucky walikuwa wamemweka mbele kabisa, kwa wembamba wake. Nilikisikia kifua chake kabla sijamfikia.

Nikamuuliza sweta liko wapi, akanionyesha stoo kwa kidevu. Aliyeamuru yavuliwe ni Abdiel, mratibu wa wageni, kijana wetu wenyewe wa hapahapa. Alinivuta pembeni akanieleza bila haya yoyote. Mwaka jana wageni waliwaona watoto wamevaa vizuri, wakaanza kuulizana kama wamepotea njia, hicho kijiji cha maskini kiko wapi. Na mwaka huu wameahidi kutujengea vyoo.

"Ni picha tu, Mama Lucky," akasema. "Vumilia kidogo."

"Mwanao yuko mstari upi?"

Mwanawe anasoma mjini.

Nikaingia stoo, nikayakumbatia masweta yale, nikaja kuyamwaga mbele ya watoto na kuanza kuwavika. Hapo ndipo alipokuja Keti, binti mmoja wa wale wageni, aliyekuwa akimwamkia kila mtu shikamoo, hata watoto. Yeye sina kinyongo naye sana. Alidhani saa ya kugawa misaada imefika. Akalichukua sweta la Lucky mkononi mwangu, akamvika yeye, machozi yakimlengalenga, huku mwenzake anapiga picha. Nikamtazama Abdiel aseme ukweli, maana mwenye Kiingereza ni yeye. Akasema nao maneno mawili matatu, wakapiga makofi. Kisha akawageukia watoto.

"Haya, wote kwa pamoja, tuwashukuru wageni wetu kwa masweta."

Wakashukuru, na wimbo juu.

Nikafungua mdomo. Mwalimu Elimringi, mwalimu mkuu, mtu mzima ninayemheshimu, akanishika kiwiko. "Mwanangu, choo cha wasichana kimetitia," akaninong'oneza. "Nakuomba."

Choo chenyewe nakijua. Nikafunga mdomo, nikarudi jikoni kumenya viazi, na kwa hasira niliyokuwa nayo nusu ya kila kiazi ilikwenda na maganda. Abdiel nilimkasirikia, lakini wageni niliwakasirikia zaidi. Ni watu gani hawa ambao lazima kwanza wamwone mtoto anatetemeka ndipo wakuchimbie choo? Na sisi je, tunaompanga mtoto mstarini atetemeke vizuri? Wenzangu jikoni waliniambia nishushe pumzi, wageni wataondoka. Nikawaambia wageni wataondoka, lakini Abdiel ni wetu.

Nyumbani kwetu, kabla ya chakula cha jioni, mdogo kuliko wote ndiye anayeomba. Ni desturi tangu kwa mama yangu. Lucky akafumba macho, kifua kimetulia baada ya dawa, sweta bado mwilini. Akamshukuru Mungu kwa makande. Akauombea mguu wa bibi yake. Halafu akasema, "Na umbariki Keti aliyeniletea sweta, maana nilikuwa nasikia baridi."

Amina haikunitoka. Niliumia, na nilihisi nimeibiwa mbele ya macho yangu, na aliyeibiwa ndiye aliyemenya viazi vya mwizi. Nikamwambia sweta hilo nimelifuma mimi, kwa mashine ileile iliyoko nyuma yake, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyenishikia uzi. Nikaona anakumbuka. Akaitazama mashine, akautazama mkono wa sweta, akanitazama mimi.

"Sasa mama, waliposema ni la wageni, mbona ulinyamaza?"

Nilitafuta jibu la kumpa mtoto wa darasa la kwanza. Sikulipata, nikampa la kweli.

"Kwa ajili ya choo, mwanangu."

Akalifikiria hilo kwa makini, kama anavyofikiria hesabu. Nilingoja anilaumu, na ningelikubali. Badala yake akafumba macho tena, akaunganisha viganja vyake, akaanza upya.

"Mungu, sweta alifuma mama," akasema. "Ila usiwaambie wageni mpaka wamalize choo."