Kihamba cha Kariakoo

Kilimanjaro sijapata kutia mguu, lakini mtu asijaribu kunidanganya habari zake. Nimefundishwa na Elisaria, Mchaga wa Machame aliyepanga chumba cha uani kwangu, na mwalimu kama yule hamtampata tena. Alikuwa akitandika kanga yangu mkekani, anaisukuma kwa viganja mpaka ikunjamane, kisha anaonyesha kwa kidole. Kila kunjo lililoinuka ni mgongo wa mlima, una watu wake na mangi wake, yaani mtawala wao. Kila penye shimo ni korongo lenye mto wa maji baridi, na watu wa ng'ambo ya pili salamu yao nyingine. Juu kuna msitu, na juu zaidi ile theluji, ambayo miaka yote nilikataa kuiamini mpaka akakasirika. Chini ni nyika kavu. Watu wako katikati, nyumba kwa nyumba, wala nyumba huzioni, unaona migomba tu.

"Sasa umati wote huo unakula nini?" nilimwuliza.

"Unakula akili yake, Bi Hamdiya."

Akanieleza mifereji. Babu zao waliyatega maji huko msituni, wakayapitisha kwenye magenge ya miamba, wakayavusha makorongo juu ya magogo yaliyochongwa, hadi kila shamba likapata zamu yake. Hapakuwa na mzungu wa kupima wala bwana mkubwa wa kuamrisha. Sisi hapa Kariakoo bomba ni moja, na kila alfajiri tunamwagiana ndoo na matusi. Nilikuwa nikiwawaza watu wale huku napima mchele dukani, nikawahusudu, na sioni haya kusema.

Elisaria aliletwa pwani na vita, amebebeshwa mizigo ya jeshi. Kambi ya wapagazi ndiyo iliyotupa jina hili la Kariakoo. Vita ilipokwisha hakurudi kwao. Alikuwa mtoto wa kati, na kwao wa kwanza na wa mwisho ndio hupewa kihamba, yaani shamba la migomba lenye nyumba na makaburi ya wazee. Wa kati hutafuta pake. Akaoa Mzaramo, na mke akafariki akaacha kitoto cha kike, Agnesi. Mimi Mungu hakunijalia kuzaa, nikamchukua nikamlea. Baadaye homa ikamchukua na Elisaria mwenyewe, mtoto akiwa bado hajanifika kifuani. Nilimwahidi mambo mawili: Agnesi abaki na dini ya baba yake, na migomba yake ya uani isikatwe.

Migomba ile! Aliipanda nyuma ya bafu, akaichimbia kijifereji cha maji ya kuogea, akaizungushia ua wa isale, mmea wa majani marefu membamba wanaoupenda sana huko kwao. Siku moja mbuzi wangu aliingia akala machipukizi, naye akampiga jiwe mbuzi wa watu. Tukagombana vibaya. Kesho yake akanijia na jani la isale limepigwa fundo, kalishika kwa mikono miwili. Mimi nikalipokea, nikashukuru, nikampa mbuzi.

Elisaria alikaa chini akacheka mpaka machozi. "Bi Hamdiya, kwetu mtu akikuletea isale, hata awe amekukosea nini, humnyimi msamaha. Wewe umemlisha mbuzi!"

"Basi mbuzi amekusamehe," nikamwambia.

Agnesi alikua, akawa mwanamke. Akapendana na Marcelino, Mchaga mwenzake, fundi wa karakana ya reli pale Gerezani, kijana mwenye adabu na mikono isiyotulia. Kila akija kwangu lazima atengeneze kitu. Lakini kwao kijana haposi mwenyewe. Akaja baba yake mdogo, Leodegar, kwa treni mpaka Tanga na kwa meli mpaka hapa. Nilipika pilau, nikatoa halua, na kahawa akaimimina Agnesi kwa mkono wake.

Leodegar alikuwa mzee mrefu, amevaa koti zito la baridi asilotaka kulivua japo jasho lilikuwa likimchuruzika. Alikula vizuri, akashukuru, kisha akasema kwa upole:

"Kabla ya kuja nilipita Machame kuuliza ukoo wa binti. Kihamba cha babu yake kimegawanywa, kimepandwa kahawa hadi mlangoni. Ndugu wanasema Elisaria alifia vitani, wala hakuacha mtu."

"Hakufia vitani. Na mtu aliyemwacha ndiye anayekumiminia kahawa."

"Namwona, mama. Ila mlima umejaa. Kila mmoja anaogopa kusikia kuna mwingine wa kugawana naye. Na sisi posa huipeleka kihambani kwa baba wa binti. Mimi nitaitua wapi pombe ya posa? Ataipokea nani? Na mke asiye na kihamba alikotoka, siku akiudhiwa atarudi wapi?"

Lilikuwa swali la haki, tena la kumtakia mtoto mema. Sasa hivi naliona hivyo. Saa ile niliona mtoto wangu anakataliwa, damu ikanipanda.

"Mlima mkubwa kiasi hicho, mmebanana kama tende kikapuni, na msichana mmoja mnamnyima nafasi!" nikafoka. "Rudi ukawaambie wapande hiyo kahawa yao hadi kwenye theluji, wainywe wenyewe!"

Leodegar akasimama, akachukua kofia yake. "Meli ni kesho asubuhi," akasema, akatoka. Marcelino akamfuata, ameinamisha kichwa.

Agnesi hakulia. Alikusanya vikombe kimoja kimoja, akaviweka kwenye sinia.

"Mama," akasema, "umeutukana mlima ulionifundisha kuupenda."

Bora angenipiga kofi. Mimi katika maisha yangu sikuwahi kumwomba mtu radhi, hata marehemu mume wangu Salem, na Mungu anajua alistahili. Niliswali alasiri bila kujua nimesoma nini. Kisha nikaenda uani, nikakata jani la isale, nikapiga fundo. La kwanza lilichanika. La pili likakaa. Nikavaa buibui, nikatoka.

Kutoka kwangu hadi Gerezani si mbali, ila siku hiyo palikuwa mbali. Nilipita katikati ya soko nimelishika jani mbele yangu kwa mikono miwili, wachukuzi wananipisha huku wananitazama. Zena muuza vitumbua akanipigia kelele, "Bi Hamdiya, dawa ya nini hiyo?"

"Ya mdomo wangu," nikamjibu.

Leodegar nilimkuta nje ya chumba cha Marcelino, anafunga mizigo yake kwa kamba. Aliliona jani kabla ya kuniona mimi. Akaacha kamba, akasimama, akavua kofia.

"Nimekosa, baba," nikasema. "Nisamehe. Na usimhukumu mtoto kwa ulimi wangu."

Alilipokea kwa mikono miwili vilevile. "Nimekusamehe," akasema. "Lakini isale, huku pwani, nani kakupa?"

"Sikupewa. Limetoka uani kwangu. Elisaria alipanda ua mzima."

"Ua wa kuzunguka nini?"

"Migomba yake."

Alivaa kofia yake tena. Kisha akamwita Marcelino, akaniambia, "Nipeleke."

Tuliingia kwa mlango wa nyuma. Agnesi alikuwa mle kwenye migomba, sketi ameipandisha magotini, ameinama na jembe. Hakutusikia. Aliziba kijifereji kwa bonge la udongo, maji yakaliacha shina moja yakageukia la pili, kama baba yake alivyomzoeza toka utotoni. Leodegar alisimama akamwangalia mpaka shina lile likanywa. Halafu akatembea pembezoni mwa ua, anaugusa mche baada ya mche kwa kiganja, hadi pembe ya mwisho.

"Ndizi hizi nani hula?" akauliza.

"Sisi. Na majirani, kila mtu kwa zamu yake."

Akatikisa kichwa, macho yake yamelowa. "Nimekitafuta kihamba hiki Machame yote. Kumbe mtoto wa kati alikwenda kutafuta pake, akapata."

Akageuka, akatoka nje ya ua wa isale na Marcelino wake. Nikadhani wanaondoka. Lakini alisimama palepale upande wa pili, akafunga vifungo vyote vya koti lake.

"Hodi!" akaita. "Hodi kihambani kwa Elisaria! Nimekuja kuposa. Mwenye kihamba nani, nimkabidhi pombe?"

"Pombe kwangu haiingii!" nikasema.

"Basi itakuwa kahawa. Ila mwenyewe nani?"

Kabla sijafungua mdomo, Agnesi akajibu, miguu yake ingali matopeni.

"Ni huyu mama yangu. Na siku nikiudhiwa nitarudi hapa."

Wote wakanigeukia, wananingoja. Nikasema "Karibuni", neno ninalolisema dukani kutwa nzima, na jioni ile lilinitoka pamoja na kilio.