Mkono wa Yustina

Mkono wa kulia wa Yustina ulipanda wenyewe. Ulipanda kama ulivyopanda kila Jumamosi tangu ukumbi ule wa Chang'ombe ungali na sakafu ya mbao na mapazia mekundu: kiganja wazi, vidole vimebanana, usawa wa sikio. Maana yake aliijua mtu mmoja tu, mpiga tumba aliyekaa nyuma yake. Ngoja, usifungulie chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, bado nina neno. Naye, enzi hizo, alingoja. Yustina aliuvuta ubeti hadi wachezaji wakaanza kuguna kwa utamu, ndipo akaushusha mkono, na tumba zikamwagika kama nazi zilizopasua gunia.

Alasiri hii nyuma yake hapakuwa na mtu. Palikuwa na spika mbili nyeusi na flashi yenye muziki uliorekodiwa, iliyochomekwa kwenye mashine. Chemko likamkuta katikati ya neno, likampita, likamwacha na nusu yake mdomoni.

"Mama Yustina," akaita Jenipher, mnenguaji, aliyekaa ukingoni mwa jukwaa akifumua nywele, "unamsimamisha nani hapo, bodaboda?"

Wanenguaji wenzake wakaangua kicheko. Yustina naye akacheka, maana asingecheka angelia.

Audax, meneja mpya, hakucheka. Alikuwa kijana wa adabu, hakuwahi kumpita bila shikamoo. "Mama yangu," akasema, "bendi ndiyo imeshavunjika. Flashi haina macho, haiuoni huo mkono. Wewe unaingoja, yenyewe inakwenda. Tujaribu tena kesho. Ikishindikana, Jumamosi nampa Jenipher."

"Nimekusikia, baba."

Kusikia alisikia. Kuimba kwake ndiko kulikolipia mazoezi ya viungo ya mumewe, Polikarpo, aliyepigwa na kiharusi wakati wa Kwaresima, kikaulaza upande wake wa kulia na kumnyang'anya maneno yote. Dada wa mazoezi alikuja nyumbani kwao Mtoni, akaushika mkono uliolala, akauinua taratibu mpaka usawa wa sikio, akaushusha, akauinua tena. "Tukiacha sasa, mama," alisema, "hautarudi."

Na Polikarpo ndiye aliyekuwa mpiga tumba.

Kila asubuhi, akimfuta kwa maji ya vuguvugu, kwanza shingo, kisha kwapa, kisha katikati ya vidole, Yustina alimwimbia ule wimbo wao. Ubeti ukifika mwisho, aliinua mkono. Polikarpo alikaza macho, kidole chake cha kushoto kikining'inia juu ya ubao wa kitanda. Mkono ukishuka, kidole kinagonga: ta-ta, ta. Majina ya wanawe yalimpotea, lakini hapo hakukosea. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao.

Asubuhi iliyofuata Yustina hakumwimbia. Alimfuta kimya, akatoka uani na simu yenye ule muziki wa flashi, akasimama kati ya kamba ya nguo na pipa la maji. Mkono ukapanda. Akarudia, ukapanda. Akachukua kanga, akaufunga kiunoni kwa fundo kama la kubebea mtoto, akaimba. Mkono ukawa unavuta kama mbuzi anayeipima kamba yake. Jirani akachungulia, akaona, akarudi ndani bila kuuliza. Hadi adhana ya adhuhuri mkono ulikuwa umeacha kuvuta. Yustina akafungua fundo, akaimba tena. Ukalala tu pajani. Akaona wepesi, kisha hofu. Chumbani kitanda kilikuwa kimya.

Ukumbini, yeye na flashi waliingia kwenye chemko kwa pamoja, hakuna aliyemsubiri mwenziwe.

"Hee! Bibi kawa wa kisasa!" Jenipher akapiga vigelegele.

"Jumamosi ni yako, mama," akasema Audax, na uso wake ulionyesha furaha ya kweli.

Yustina alirudi na papai bivu. Akalimenya, akalikatakata vipande vidogo, akamlisha mumewe, akamfuta kidevu.

"Polika, nimepata. Yule dada ataendelea kuja."

Polikarpo akamtazama mkono.

Basi akaimba. Ubeti ukafika mwisho wake, na kidole kikapanda, kikaning'inia. Mkono wa Yustina ulikuwa pajani. Sauti ikaingia kwenye chemko peke yake, imenyooka, haikumsubiri mtu. Macho ya Polikarpo yakatoka mkononi yakaenda mdomoni, yakarudi mkononi.  Kisha kidole kikashuka polepole, kikatua kwenye shuka bila sauti.

Yustina akaukatiza wimbo. Kwa mkono wa kushoto akajishika kifundo cha mkono wa kulia, penye alama ya kanga, akauinua taratibu mpaka usawa wa sikio, akaushikilia hapo.

"Tuanze tena, Polika," akasema.

Akaanza ubeti wa kwanza. Kidole kilikuwa bado kwenye shuka.