Muhuri wa Kijino

Alhamisi ya mwisho wa mwezi, makumbusho ya watoto hufunguliwa jioni kwa familia. Fundi cherehani alifunga kibanda chake saa kumi na moja, akawachukua mama yake na binti yake wa miaka saba, aliyeitwa Kijino kwa sababu ya jino moja la mbele lililobaki. Mlinzi alitazama sakafu miguuni pa Bibi, akaona hana kivuli, akampitisha bure. Wafu hawakatiwi tiketi.

Miaka minne nyuma, ofisi ya vizazi na vifo ilimwandika Bibi kuwa amekufa badala ya dada yake aliyefariki. Kesho yake kivuli kikaondoka. Bibi hakukililia. Kilichomsumbua ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na hospitali haipasui marehemu. Kila alipokwenda kusahihisha, aliambiwa mhusika aje mwenyewe.

"Mhusika ni mimi."

"Mhusika amefariki, mama. Pole sana."

Kwenye ghorofa ya pili ya makumbusho palikuwa na Ofisi ya Kuchezea: meza fupi, daftari, na muhuri wa mpira wenye picha ya konokono. Kijino alikalia kiti cha karani.

"Anayefuata."

"Mimi, mjukuu wangu."

"Hapa niko kazini, Bibi. Shida yako?"

"Wameniandika nimekufa."

"Umekufa?"

"Bado."

Kijino akaandika BADO kwenye karatasi, akagonga muhuri. Kivuli kikapanda ngazi taratibu, kimejaa vumbi, kikajilaza miguuni pa Bibi. Fundi cherehani akainama, akakikung'uta kwa kanga yake.

Nyuma yao kwenye foleni alisimama msajili, mkuu wa ofisi ile halisi, na mapacha wake. Aliomba karatasi, akaisoma mara mbili.

"Umethibitishaje?"

"Nimemuuliza," alisema Kijino.

Msajili alifikiri kidogo. "Sisi hatuna fomu ya kuuliza," akasema, akairudisha karatasi. Mapacha wakasogea, zamu yao imefika.

Jumatatu Bibi alikwenda hospitali na karatasi yake. Daktari wa macho alipiga simu ofisini, akaambiwa kitabuni mama huyo bado ni marehemu, na kwamba muhuri wa konokono unatambulika kwa kilichotokea mbele yake tu, yaani kurudi kwa kivuli.

"Basi kivuli kina karatasi," alisema daktari. "Mwenye kivuli hana."

"Sasa tufanyeje, daktari?" aliuliza fundi cherehani.

"Tufanye kinachoruhusiwa."

Wakakilaza kivuli kitandani, Bibi akisimama kando ya taa ili kisikatike, wakakipasua macho yote mawili. Upasuaji ulichukua dakika arobaini, ukafanikiwa. Waliagizwa kisipigwe na jua kali kwa wiki mbili.

Siku hizi kivuli kinaona vizuri. Asubuhi Bibi huligeuzia jua mgongo, kivuli kikatangulia kikikwepa mashimo na pikipiki, naye akifuata nyuma polepole hadi kwenye kibanda cha binti yake. Siku za mawingu hukaa nyumbani.