Nne ya Adelaïde

Kabla vita havijafika Bihambwe, Polycarpe alikuwa mwalimu wa hesabu, na jioni alikuwa na mchezo wake na mkewe Adelaïde. Mume alitunga fumbo la visanduku ubaoni; Adelaïde akajaza tarakimu, sifuri hadi tatu, isijirudie hata moja katika safu. Kisha Polycarpe alipitisha chaki kandokando, kila tarakimu ikimwambia aguse pande ngapi za kisanduku chake, hadi mstari urudi ulikoanzia bila kujikata. Walibishana mpaka majirani wakacheka.

Walikimbia shule ikiwaka. Walifika Pinga kwa miguu, wakapokewa na Kahambu, mfanyabiashara wa Butembo, aliyewapa chumba nyuma ya duka lake. Tangu hapo Polycarpe hakusema neno. Binti yao Kétsia alipopiga simu kutoka Goma, baba mtu alisikiliza tu.

Adelaïde alisali, akambembeleza, hata akamkaripia. Asubuhi moja akamwambia Kahambu, "Dada, unipe karto ya sabuni na kipande ya makala."

Hakuwahi kutunga fumbo maishani mwake. Alichora kwa mkaa visanduku vilivyopinda kwenye karatasi hiyo ngumu ya boksi, akaandika tarakimu chache za kuanzia, nne ikiwa mojawapo, akafuta kwa kidole mpaka karto ikawa nyeusi. Akaiweka mapajani mwa mumewe, akarudi kumenya mihogo.

Polycarpe aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akakohoa.

"Mama Kétsia."

Kisu kilimponyoka Adelaïde.

"Hii ine uliweka ya nini? Mustari utaizunguka yote, utajifunga palepale. Hautafika kwa zingine."

"Sikujua."

"Miaka yote hii tunacheza!"

"Mimi nilikuwa najaza tu. Kutunga iko kazi yako."

Machozi yalimjaa, lakini aliogopa yangemkatiza mumewe. Akaamua kubisha. "Ine yangu iko muzuri. Uiache."

"Haiwezi, mama!"

"Uiache, nasema!"

Polycarpe akacheka, kicheko kikavu kama cha mtu aliyetoka kwenye homa, akasogea ili mkewe akae. Dukani, Kahambu alisikia sauti asiyoijua, akamwacha mteja na kuja hadi mlangoni. Aliwakuta wameinama pamoja juu ya karto, mikono myeusi, wakigombana.

Habari za shule Polycarpe alizisimulia baadaye, kidogo kidogo, na Adelaïde alizisikiliza zote bila kumharakisha.